Vidonge viwili viwili vilivyotaka kuniulia mdogo wangu

MSOMAJI wangu, wiki hii sina kisa cha mapenzi wala cha mama mwenye nyumba. Wale mliozoea kucheka na safu hii mnisamehe. Kicheko kipo, ila kimechanganyika na aibu. Leo nakusimulia jinsi nilivyokaribia kumuua ndugu yangu wa tumbo moja, tena kwa huruma, na kwa dawa ambayo huenda hata wewe unayo hapo ulipo, ndani ya mkoba au kwenye droo ya kabati.

Basi bwana, mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Tandika. Kifua kipana, sauti kubwa, haogopi mtu. Kitu kimoja tu duniani kinamtoa jasho, nacho ni kiti cha daktari wa meno. Jumatano moja usiku gego lake la chini likaanza kumsumbua. Alhamisi asubuhi akaja kwangu shavu limevimba utadhani ameficha andazi. Hasemi, anaonyesha kwa kidole tu.

Nikamwambia, "Twende ukang'olewe, mambo yaishe."

Akatikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka. "Kaka, nitafutie cha kutuliza tu. Jumatatu nitakwenda mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojipa udaktari. Nikatoka mpaka duka la dawa la pale kona, nikanunua parasetamoli karatasi mbili za vidonge kumi kumi. Si unajua sisi tunavyoziita, kila kidonge cheupe cha maumivu kwetu ni Panadol, awe amekitengeneza nani. Nikampa na maelekezo yangu ya kitaalamu: "Meza viwili. Yakirudi, meza vingine viwili. Hii dawa haina madhara, hata watoto wanapewa."

Msomaji, kumbuka hilo neno, "yakirudi meza vingine." Ndilo lililotaka kunipeleka makaburini.

Maumivu ya jino hayana saa. Yalirudi baada ya saa mbili, akameza. Yakarudi tena, akameza. Usiku ndiyo usiseme. Kula hawezi, maana hata uji ukigusa gego anaruka. Ijumaa karatasi zikaisha, akanunua nyingine mwenyewe. Jirani yake akamwonea huruma akampa vidonge vya mafua, eti vinaleta usingizi. Fundi mwenzake akamshauri asukutue kwa pombe kali ili kuua wadudu wa jino. Akasukutua. Na fundi akisukutua, mnajua wenyewe, hatemi.

Jumamosi jioni akatapika mara mbili. Tukasema ni tumbo tupu. Jumapili asubuhi jipu la jino likapasuka lenyewe, shavu likapungua, na mtu akawa mzima kabisa! Kichefuchefu kimekwisha, anacheka, akaenda hadi kibandani kuangalia mpira. Mimi nikajipiga kifua mbele ya mama watoto: "Unaona? Pesa ya kung'oa jino tumeiokoa."

Jumatatu asubuhi akaja kwangu anatembea kama mzee. Mwili hauna nguvu, mdomo mchungu, na chini ya mbavu za kulia kuna kitu kinamvuta. Nikamgusa paji la uso. Nikaamua ni malaria, kama tunavyoamua siku zote. Nikaingia ndani, nikachukua kikombe cha maji na vidonge viwili, nikamnyooshea.

Mama watoto akanishika mkono.

"Baba, hebu mwangalie macho."

Nikamwangalia pale mlangoni kwenye mwanga. Weupe wa macho umegeuka rangi ya binzari. Wakati mimi nimeduwaa, mke wangu alikwishatoka kwenda chumbani kwa shemeji yake, nyumba ya tatu. Akarudi na mfuko aliouokota chini ya kitanda. Akazimwaga zile karatasi tupu juu ya meza na kuanza kuhesabu kama anahesabu hela ya mchezo. Karatasi nne na nusu za parasetamoli. Vidonge 45 kwa siku tatu. Na juu yake pakiti ya dawa ya mafua, ambayo ukisoma maandishi madogo kwa nyuma unakuta imo parasetamoli ile ile.

Hatukungoja daladala.

Hospitalini, jina nalihifadhi, tulipokelewa na daktari wa kike, kijana tu, wa kumwita dada. Alimtazama mdogo wangu, akauliza swali moja: "Amekuwa akimeza nini?" Mimi nikaanza kujiumauma. Mke wangu akaufungua ule mfuko mbele yake. Daktari akahesabu na yeye, uso ukabadilika. Damu ikatolewa upesi. Majibu yaliporudi, kile kipimo cha ini ambacho kwa mtu mzima huwa chini ya 50 au hapo karibu, kwa mdogo wangu kilikuwa kimepita 4000.

"Ini lake linakufa?" nikauliza.

"Sehemu yake imeshakufa," akasema. "Tunapigania iliyobaki."

Naomba hapa nikupe somo kama nilivyolipata pale kwenye benchi, na kama nilivyokwenda kulisoma baadaye, maana tangu siku ile sikulala vizuri mpaka nilipoelewa.

Parasetamoli ikiwa kwa kipimo chake ni dawa nzuri. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Ukimeza viwili, ini ndilo linaloishughulikia. Sehemu kubwa, kama asilimia 90, ini huifunga kwa aina fulani ya sukari au chumvi ya salfa, halafu inatoka kwenye mkojo bila kelele. Kipande kidogo kinachobaki, kama asilimia 5 hadi 10, hupitia njia ya uchochoroni. Huko kuna kimeng'enya kinachokigeuza kuwa sumu kali, ambayo wataalamu wanaiita kwa herufi NAPQI.

Yaani kila unapomeza parasetamoli, hata kidonge kimoja, sumu hiyo inatengenezwa ndani yako. Usishtuke. Ndani ya seli za ini kuna walinzi, kitu kinachoitwa glutathioni. Wachukulie kama sungusungu wa mtaa. Mwizi akitokea, sungusungu mmoja anamkamata na kuondoka naye. Mtaa unalala salama.

Shida ni kwamba sungusungu huyu akishaondoka na mwizi wake harudi tena. Ini lazima litengeneze mwingine, na kumtengeneza kunataka chakula na kunataka muda. Mdogo wangu alikuwa hali. Pombe nayo, hasa kwa mtu aliyeizoea, inaongeza kile kimeng'enya cha uchochoroni na kuwapunguza walinzi. Na ile njia kuu ya kutolea dawa ilishajaa, kwa hiyo vidonge vilivyozidi vyote vikasukumwa uchochoroni. Wezi wanaongezeka, sungusungu wanakwisha.

Sasa sikia mahali sumu inapokwenda. Kila seli ya ini ina vitu vidogo sana viitwavyo mitokondria, kama elfu moja hadi 2000 ndani ya seli moja tu. Hizo ndizo jenereta. Zinachukua chakula ulichokula na hewa uliyovuta, zinatoa nguvu ya kuendesha kila kitu. Seli za ini zina jenereta nyingi kwa sababu ini halipumziki: linatengeneza protini za kugandisha damu, linatunza sukari, linasafisha taka za mwili.

NAPQI ikikosa mlinzi inang'ang'ania protini za seli, na balaa kubwa ni inapong'ang'ania zile za mitokondria. Watafiti waliwahi kuwapa panya wa maabara kemikali inayofanana na parasetamoli kama pacha. Ilinata kwenye protini za seli vilevile, lakini kwenye mitokondria ilinata kidogo tu, na maini ya panya wale hayakufa. Hapo ikaonekana kwamba mchezo wote uko kwenye jenereta.

Jenereta iliyonatwa na sumu haizimiki kistaarabu. Inaanza kutoa moshi, yaani kemikali kali za oksijeni zinazounguza kila kitu kilicho karibu. Ndani ya seli kuna protini ya kengele ya hatari inayoitwa JNK. Ikisikia moshi inaamka na kukimbilia kwenye mitokondria, lakini badala ya kuzima moto inauchochea. Mwisho matundu yanafunguka kwenye kuta za mitokondria, maji yanaingia, zinavimba, zinapasuka. Nguvu inakatika. Sisi wa Dar tunaujua mgao wa umeme, lakini huu si mgao, maana zamu ya kuwashiwa haifiki. Tena vinatoka humo vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa, vinakwenda mpaka kwenye kiini cha seli na kukatakata DNA yake. Seli inapasuka na kumwaga vilivyomo kwenye damu. Ile 4000 ya mdogo wangu ilikuwa ni hesabu ya hivyo vilivyomwagika.

Nikamuuliza yule dada daktari, "Lakini jana mtu alikuwa mzima, kaenda hadi mpira?"

Akanijibu neno ambalo nataka ulikate na kulibandika ukutani: "Hiyo ndiyo hila ya dawa hii. Siku ya kwanza unatapika kidogo au huhisi chochote. Siku ya pili unajiona umepona. Wakati huo ndio ini linaungua. Siku ya tatu na ya nne ndipo mwili unapokuambia."

Yaani mimi siku ile najipiga kifua, jenereta za mdogo wangu zilikuwa zinapasuka kwa mamilioni.

Akasema kuna dawa ya kuizuia sumu hii, inaitwa asetilisisteini. Na ajabu ni kwamba dawa hiyo hiyo hutumika kulainisha makohozi mazito ya kifua. Kazi yake hapa ni kulipa ini malighafi ya kutengenezea sungusungu wapya. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu azidishe dozi, karibu kila mara ini linaokoka. Kila saa inayopita baada ya hapo, nafasi inapungua. Sisi tulikuwa tumechelewa sana, lakini alisema hata waliochelewa hupewa, maana inaweza kusaidia zile seli zilizobaki. Mdogo wangu akatundikiwa dripu.

Usiku wa Jumatatu nilikaa nje ya wodi. Saa nane sista akatoka akaniambia nimwongeleshe mgonjwa, nimuulize leo ni siku gani. Nilipomuuliza alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, zima hiyo mashine ya kuchomelea." Nikajua mambo yamefika pabaya. Ini likishindwa kusafisha damu, taka zinapanda hadi kwenye ubongo. Damu nayo ilikuwa haigandi vizuri, pale walipomchoma sindano palikuwa panavuja. Nilikumbuka mkono wangu ulivyonyoosha vile vidonge viwili vya asubuhi. Nilikumbuka na mama yetu, ambaye kabla hajafa alinikabidhi huyu mtu akiwa darasa la nne.

Usifikiri ni balaa letu sisi tusiosoma karatasi tu. Ulaya na Marekani, kwenye madaktari kila kona, ndiko lilikojulikana. Parasetamoli ilianza kuuzwa Uingereza kwa jina la Panadol mwaka 1956. Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1966, madaktari wa Scotland wakaandika habari za watu walioharibika ini baada ya kuizidisha. Mwaka 1973 watafiti wa Bethesda, Marekani, ndio waliotegua kitendawili cha sumu na glutathioni. Miaka ya 1970 hiyo hiyo daktari Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh wakaonyesha kwamba asetilisisteini inaokoa watu. Mwaka 1998 Uingereza ikapunguza ukubwa wa pakiti: maduka ya kawaida vidonge 16, na maduka ya dawa 32.

Na kuna jambo lililonifariji kidogo na kunitisha zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia wagonjwa 662 ambao maini yao yalishindwa ghafla. Kati yao 275 ilikuwa ni kwa sababu ya dawa hii, na karibu nusu ya hao 275 hawakukusudia kujidhuru. Walikuwa watu wenye maumivu, wanameza viwili viwili kama mdogo wangu.

Jumatano asubuhi nikamkuta amekaa kitandani. Akaniuliza, "Kaka, ile kazi ya geti la mzee wa Mbagala nani amemalizia?" Msomaji, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku ile sista alinipa kiti. Kipimo kilianza kushuka. Ini lina sifa moja kubwa kuliko viungo vingi: likipona hujenga seli mpya mahali pa zile zilizokufa. Alikaa siku 9 wodini, akatoka macho meupe. Wiki tatu baadaye nilimshika mkono mwenyewe hadi kwa daktari wa meno. Ilichukua dakika 15.

Sasa wewe unayenisoma, chukua haya kutoka kwa mtu aliyefunzwa na ulimwengu.

Kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Kama una mwili mdogo, hujala siku kadhaa, unakunywa pombe sana au ini lako lina historia, kiwango chako ni cha chini zaidi, kamuulize mtaalamu. Mtoto hupimiwa kwa kilo zake, si kwa kukata kidonge kwa macho.

Soma nyuma ya pakiti. Dawa nyingi za mafua na za mchanganyiko wa maumivu zina parasetamoli. Majina mawili ya dukani yanaweza kuwa dawa moja tumboni.

Ukigundua wewe au mwenzako amezidisha, usisubiri dalili. Usiseme "mbona mzima." Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uzibebe zile karatasi tupu. Mfuko wa mama watoto ulimpa daktari jibu ambalo mimi nilikuwa nalimeza.

Na kama aliyemeza alifanya hivyo kwa uchungu wa moyo, tafadhali, asichekwe, asitukanwe. Kuna vijana hufanya kwa hasira za jioni moja, asubuhi wakaamka salama wakaona aibu kusema, kumbe saa zinakwenda. Mshike mkono, mpeleke, kaa naye. Mengine mtazungumza akishapona.

Mdogo wangu sasa amerudi Tandika, anachomelea na kupiga kelele kama zamani. Juzi nilimpitia nikiwa na kichwa kinaniuma. Nikamwomba vidonge viwili. Akazima mashine, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima kusikia:

"Kaka, cha mwisho umemeza saa ngapi?"

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nitarudi na ile habari ya mama mwenye nyumba.